Kuchelewa kugundulika TB: mwanaume anakwama wapi, mwanamke anakwama wapi?

Rejista_Wazi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kila takwimu za robo mwaka zikisomwa, swali ni lile lile: kati ya mwanaume na mwanamke, nani anachelewa zaidi kugundulika kifua kikuu? Majibu hugongana. Wengine wanasema mwanaume, maana haendi hospitali mpaka azidiwe. Wengine wanasema mwanamke, maana huzungushwa. Nadhani swali lenyewe limekaa vibaya, na ndiyo sababu ya kuanzisha uzi huu.

Safari ya mgonjwa tuikate vipande vinne: dalili ya kwanza hadi mtoa huduma wa kwanza, hapo hadi sampuli ya kwanza, sampuli hadi jibu, jibu hadi dozi ya kwanza. Kipande cha kwanza ni ucheleweshaji wa mgonjwa. Vitatu vilivyobaki ni vyetu sisi watoa huduma. Mwanaume kwa kawaida hupoteza muda mwingi kwenye kipande cha kwanza. Mwanamke hupoteza zaidi kwenye cha pili na cha tatu, yaani akiwa ameshafika, ameshakaa kwenye kiti na ameshaeleza kinachomsumbua. Hili la pili linauma, kwa sababu tulikuwa naye chumbani tukamwacha aondoke.

Ukijumlisha vipande vyote ukapata siku sawa kwa wote wawili, utasema hakuna tofauti ya kijinsia. Tofauti ipo, ila imefichwa na jumla.

Picha ya dunia kwa ufupi: Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba mwaka 2023 watu milioni 10.8 waliugua TB, asilimia 55 wanaume, asilimia 33 wanawake, asilimia 12 watoto na vijana wadogo. Waliogunduliwa na kuripotiwa kwa mara ya kwanza mwaka huo ni kama milioni 8.2. Waliobaki hapo katikati ndio tunaowazungumzia.

Karibuni wenye uzoefu wa maabara, kliniki ya wajawazito, duka la dawa na kazi ya jamii. Tupeane mambo ya kufanyika, si lawama.

Takwimu_Tupu

Mkuu, umekata vizuri. Naongeza tahadhari moja kabla watu hawajaanza kutaja siku.

Tafiti nyingi za ucheleweshaji huwahoji wagonjwa waliokwisha kufika kituoni na kuanza dawa. Aliyefia nyumbani au ambaye bado anakohoa kazini hayumo. Sasa linganisha na tafiti za jamii, zile za kwenda kaya kwa kaya na mashine ya picha ya kifua na kuchukua makohozi. Zikijumlishwa, zinaonyesha wanaume wenye TB iliyothibitishwa ni zaidi ya mara mbili ya wanawake. Kwenye rejista za vituo uwiano huo hushuka. Maana yake ni kwamba wanaume wengi hubaki na ugonjwa bila kugunduliwa, na kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo ukipima ucheleweshaji kwa waliofika tu, unampunguzia mwanaume siku zake bila kujua.

Mambo mengine yanayoharibu hesabu:

Tumieni namba ya katikati (siku za mgonjwa aliye katikati ukiwapanga wote kwa mstari), si wastani wa kawaida. Mgonjwa mmoja aliyekohoa mwaka mzima anavuruga wastani wa wagonjwa thelathini.

Swali la "dalili zilianza lini?" linamdanganya mvutaji sigara. Yeye ana kikohozi cha miaka, hivyo hutaja siku kilipobadilika, au hana cha kutaja. Muulize: kikohozi kilibadilika lini? Makohozi yaliongezeka lini? Suruali ilianza kulegea lini?

Na tofauti ya jinsia haianzi utotoni. Kwa watoto idadi ya wavulana na wasichana hukaribiana, pengo hufunguka kuanzia ujana. Usichanganye umri wote kwenye jedwali moja.

Nuru_K

Kwa hiyo tukubaliane kampeni zote zielekezwe kwa wanaume basi? Maana hoja ya Takwimu_Tupu inaishia huko.

Takwimu_Tupu

Hapana dada. Mwanaume anatafutwa nje ya kituo. Mwanamke anahudumiwa vizuri zaidi ndani ya kituo. Ni kazi mbili, bajeti mbili, watu tofauti. Ukichukua fedha za moja kufanyia nyingine, pengo unalihamisha tu.

Benchi_la_Maabara

Niingie hapa kwenye kipande cha pili na cha tatu, maana ndipo wanawake wanapopotea na watu hawapaoni.

Kontena la makohozi likirudi na mate, jibu linaweza kuwa hasi hata kama mapafu yana mashimo. Hadubini inahitaji vimelea kati ya 5,000 na 10,000 kwa kila mililita ndipo ivione. Xpert ya awali (kipimo cha mashine kinachotafuta vinasaba vya vimelea vya TB) inagundua kuanzia vimelea kama 131 kwa mililita, na toleo lake jipya, Ultra, kama 16. Hata hivyo mate ya mdomoni hupunguza uwezekano wa mashine yoyote kuona kilichomo kifuani.

Wanawake hurudisha mate mara nyingi zaidi kwa sababu mbili. Kwanza, kukohoa kwa nguvu na kutema mbele za watu huonekana aibu, zaidi kwao. Pili, hakuna aliyewaeleza. Mwaka 2007 lilichapishwa jaribio lililofanyika Rawalpindi, Pakistan: kundi moja lilipewa maelekezo mafupi ya namna ya kutoa makohozi, kundi jingine likapewa kontena tu. Kwa wanawake, waliokutwa na vimelea walipanda kutoka asilimia 8 hadi 13. Kwa wanaume maelekezo hayakuleta tofauti ya maana. Hakuna dawa mpya wala mashine mpya hapo. Ni dakika chache za maneno.

Maelekezo yenyewe, kwa mpangilio:

1. Mpeleke mahali pa wazi penye hewa, mbali na foleni na mbali na watu wanaomtazama. Ukimtoa kwenye benchi la wagonjwa umeshapunguza nusu ya tatizo.
2. Asukutue mdomo kwa maji matupu mara mbili. Asipige mswaki kwa dawa dakika hiyo.
3. Mwonyeshe kwa vitendo: vuta hewa ndani kabisa, ishike sekunde chache, itoe taratibu. Rudia. Ya tatu, vuta hewa kisha kohoa kwa nguvu kutoka tumboni, si kooni.
4. Kontena lishikwe karibu na mdomo wa chini, makohozi yaingie humo moja kwa moja, kifuniko kifungwe pale pale.
5. Kiasi kinachotakiwa ni mililita 3 hadi 5. Mchoree alama kwenye kontena kwa kalamu ya wino mzito, asiachwe akisie.
6. Sampuli ya pili iwe ya asubuhi anapoamka, kabla ya chai.

Yaangalie kabla hajaondoka. Makohozi huvutika, ni mazito, yana rangi ya kijani, njano au alama za damu. Mate ni meupe, mepesi, yana mapovu juu. Ukiona mapovu, mwambie kwa upole arudie hapo hapo. Asirudishwe nyumbani kwa "njoo kesho", maana kesho hiyo inahitaji nauli na ruhusa nyingine.

Andika jina na namba kwenye mwili wa kontena, si kwenye kifuniko. Vifuniko hubadilishana.

Nuru_K

Shukrani sana, hii ya alama kwenye kontena naichukua. Na ambaye anajitahidi kweli lakini hakuna kinachotoka?

Benchi_la_Maabara

Dada Nuru, huyo asiandikwe "hakuleta sampuli" akafutwa. Kuna njia:

Kumvutisha mvuke wa maji ya chumvi kwa mashine ya nebulaiza, kwenye chumba chenye hewa au nje, mhudumu akiwa na barakoa aina ya N95. Pasipo na nafasi salama, usifanye.

Picha ya kifua. Hii ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani: kwenye tafiti za jamii, wengi kati ya waliothibitishwa kuwa na TB hawakuwa na kikohozi cha wiki mbili au zaidi. Tangu 2021 WHO inakubali programu za kompyuta zisome picha hiyo kwa mwenye miaka 15 na kuendelea, hivyo kukosa daktari wa mionzi si sababu tena.

Kwa anayeishi na VVU mwenye dalili au aliye dhaifu, kipimo cha mkojo cha LAM. Matone yenye jumla ya mikrolita 60 juu ya ukanda, unasoma baada ya dakika 25. Kikiwa chanya anza dawa, kikiwa hasi usiseme hana TB.

Na kwa walio na makohozi kidogo: Xpert inataka angalau mililita 1. Usilimwage kontena lenye mililita moja na nusu kwa sababu "halijafika alama".

Mkunga_wa_Zamu

Naomba niseme la wajawazito, maana hapa kuna ucheleweshaji ambao hauna utetezi.

Uchovu, kupumua kwa shida kidogo, jasho la usiku, kukosa hamu ya kula: vyote vinaitwa "ndiyo mimba hiyo". Na dalili ya kupungua uzito hupotea kabisa, kwa sababu tumbo linakua na mizani inapanda. Kwa mjamzito usitafute kupungua, tafuta kutoongezeka. Kuanzia miezi mitatu ya pili, mama mwenye uzito wa kawaida anatarajiwa kuongeza kama kilo 0.4 kila wiki. Mizani ikisimama pale pale hudhurio hadi hudhurio, uliza dalili za TB siku hiyo hiyo.

Baada ya kujifungua hatari hupanda tena. Kinga iliyokuwa imelegezwa na ujauzito inarudi, na ugonjwa uliokuwa umenyamaza unajitokeza. Wakati huo mama anakuja kliniki kila mwezi, ila anayepimwa ni mtoto! Kadi ya mtoto inajazwa mistari yote, mama aliyembeba hakuna anayemuuliza kama anakohoa. Maswali manne tu yanatosha: unakohoa? una homa? unatoka jasho jingi usiku? umekonda? Yaulizwe wakati mtoto anapimwa uzito, na jibu liandikwe kwenye kadi ya mama.

Picha ya kifua: mjamzito hunyimwa kwa hofu ya mionzi. Kiasi kinachomfikia mtoto tumboni ni chini ya miligrei (kipimo cha mionzi) 0.01, ilhali wasiwasi wa madhara huanza kuzungumzwa kwenye miligrei 50. Mfunike tumbo kama ndio utaratibu wenu, piga picha. TB isiyotibiwa ndiyo inayomtishia mama na mtoto.

Na dawa hazisubiri kujifungua. Rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli hutumika kwa mjamzito, pamoja na vitamini B6. Inayoepukwa ni streptomaisini, kwa sababu huharibu usikivu wa mtoto.

Dawa_na_Dozi

Kwa upande wa duka la dawa, mteja wangu mkubwa wa kikohozi ni mwanaume anayetaka kitu cha haraka arudi kazini. Hununua sharubati, wiki ijayo antibayotiki, wiki ya tatu antibayotiki nyingine. Kila dawa inampa siku tatu za nafuu, kwa kuwa maambukizi mengine ya kifua yanapungua, naye anaamini amepona.

La hatari zaidi ni antibayotiki za siprofloksasini na levofloksasini. Hizi hugusa vimelea vya TB kidogo: homa inashuka, sampuli inaweza kuonekana safi, ugonjwa unaendelea chini kwa chini na usugu unaanza kutengenezwa. Kikohozi kisichojulikana chanzo kisipewe dawa za kundi hili. Steroidi nazo zinafunika dalili na kushusha kinga.

Kanuni rahisi ya dirishani: akirudi mara ya pili kwa kikohozi kile kile ndani ya mwezi, hauzwi dawa nyingine ya kikohozi. Anapewa karatasi ya rufaa yenye jina la kituo, saa zake na jina la chumba, pamoja na kontena la makohozi kama kituo kimekubali kulipokea. Mwanaume aliyeambiwa tu "nenda hospitali" haendi. Aliyepewa kontena mkononi ana kitu cha kumaliza.

Daktari_wa_Wadi

Nakubaliana na wote. Mimi naongeza TB nje ya mapafu, ambayo huonekana kwa sehemu kubwa zaidi miongoni mwa wagonjwa wanawake.

Mtoki wa shingo usiouma, unaokua taratibu kwa wiki kadhaa, hutibiwa kama jipu au kidonda cha koo mara mbili tatu. Toa kwa sindano, peleka Xpert. TB ya tumbo kwa mwanamke huleta maji tumboni na kipimo cha damu cha CA-125 (hutumika kwenye saratani ya ovari, yaani mfuko wa mayai) kilichopanda, akaandaliwa upasuaji wa saratani hiyo. CA-125 hupanda pia kwenye TB ya utando wa tumbo, kwa hiyo usiitegemee peke yake.

TB ya uzazi ndiyo inayochelewa kuliko zote. Hakuna kikohozi. Kuna ugumba, hedhi iliyopungua au kukoma, maumivu ya chini ya tumbo. Mirija huathirika karibu kila mara, na huharibika kabla dalili nyingine hazijajitokeza. Mwanamke anazunguka kliniki za ugumba, anapewa dawa za kuchochea mayai, na hakuna anayekumbuka kuuliza kama yeye au mtu wa nyumbani kwake aliwahi kuugua TB.

Kosa moja la kiufundi nataka lisikike. Kinyama kikitolewa kwenye mji wa mimba au mtoki, chote hutumbukizwa kwenye fomalini (dawa ya kukihifadhi kisioze). Fomalini inaua vimelea, hivyo uoteshaji (kukuza vimelea maabara) hauwezekani tena. Kata vipande viwili: kimoja fomalini kwa ajili ya patholojia, cha pili kwenye maji ya chumvi safi (selaini) kiende Xpert na kuoteshwa. Chupa mbili ziandaliwe kabla mgonjwa hajapanda kitandani. Ukisubiri kukumbuka baadaye, kinyama kimeshazama.

Mlango_kwa_Mlango

Huku kwenye jamii vipande vyenu vyote vinne vina watu nyuma yake. Mwanamke mara nyingi hana fedha mkononi na hawezi kuondoka bila kuaga, na akiaga lazima aseme anaenda kupima nini. Akitaja TB, anahofia ndoa, na aliye binti bado anahofia kutoposwa. Kwa hiyo huanza kwa mtoa huduma aliye karibu, kisha mwingine, kisha mwingine. Kila mmoja anaanza upya.

Ukimtembelea nyumbani, usiulize dalili mbele ya mume au mama mkwe. Omba kumwona kando, uliza afya kwa ujumla, kisha kikohozi. Mweleze mapema kwamba akitumia dawa ipasavyo uwezo wake wa kuambukiza hushuka haraka, na kwamba tiba ya kawaida ni miezi 6. Watu hudhani ni ya maisha.

Kwa mwanaume, saa za kituo ndizo kikwazo. Kituo kinafungua akiwa kazini na kinafunga kabla hajatoka, na siku asiyofanya kazi halipwi. Nendeni migodini, maeneo ya ujenzi, vituo vya usafirishaji, magereza, sehemu za vinywaji. Machimboni ni lazima, maana vumbi la silika linaongeza hatari yenyewe na wachimbaji wanaliona ndilo chanzo cha kila kikohozi. Kusanya sampuli hapo, rudisha jibu kwa simu, dawa zianze bila kumtaka aje mara tatu.

Kitu kimoja zaidi: mgonjwa mwanaume akigunduliwa, msiishie kumwandikia mke na watoto kwenye fomu ya waliokaa naye. Uliza analala na nani kwenye kambi ya kazi, anakunywa na nani, anasafiri na nani. Wale hawajaandikwa mahali popote.

Rejista_Wazi

Asanteni mno. Sasa namna ya kuliona tatizo kwenye kituo chako bila utafiti wowote. Chukua rejista ya wanaodhaniwa kuwa na TB na rejista ya maabara, tenganisha kwa jinsia, watu wazima tu.

Mfano wa kujifunzia: waliodhaniwa ni 200, wanawake 120, wanaume 80. Waliotoa sampuli ni wanawake 84, wanaume 72. Waliokutwa na vimelea ni wanawake 5, wanaume 11.

Soma hivi. Wanaume ni asilimia 40 tu ya waliodhaniwa, ilhali kati ya watu wazima wanaougua duniani wao ni zaidi ya asilimia 60. Hawafiki: tatizo liko nje ya mlango. Kwa wanawake, sampuli zilitoka kwa asilimia 70, kwa wanaume asilimia 90. Wanawake 36 walidhaniwa wana TB wakaondoka bila kupimwa: tatizo liko kati ya chumba cha daktari na dirisha la maabara. Kisha walio chanya, wanawake asilimia 6, wanaume 15. Hapa usikimbilie kulaumu sampuli, sehemu ya tofauti ni ya kweli kwa kuwa wanaume wanaugua zaidi. Fungua safu ya aina ya sampuli, hesabu neno "mate" kwa kila jinsia. Kama maabara haiandiki aina ya sampuli, anzeni wiki hii.

Nuru_K

Swali la mwisho wakuu. Mwanamke ametoa makohozi mazuri, jibu hasi, dalili bado zipo. Nini kinafuata? Huku wengi wanapewa jibu na kuruhusiwa.

Daktari_wa_Wadi

Kama kipimo kilikuwa hadubini, sampuli nyingine iende Xpert. Kama kilikuwa Xpert, piga picha ya kifua, pima VVU na kisukari, pekua mitoki, tumbo na historia ya hedhi. Picha ikiashiria TB na hali inaendelea kushuka, daktari ana mamlaka ya kuanza tiba kwa ushahidi wa kliniki. Usimzungushe kwenye antibayotiki ya tatu kusubiri karatasi chanya.

Maneno ya kumwambia ni "vimelea havijaonekana kwenye sampuli hii", si "huna TB". Ukimwambia hana, hatarudi hata akitapika damu, na huko nyumbani ataonekana anadeka. Mpe tarehe ya kurudi, wiki moja hadi mbili, iandikwe kwenye kadi yake na kwenye daftari lako. Ijumaa daftari lifunguliwe, majina ya wasiorudi apewe mhudumu wa jamii, awafuate kwa siri ile ile aliyoieleza Mlango_kwa_Mlango.